Tume ya Kuchunguza Bunduki ya Kalina

“Bunduki haina kosa! Kosa ni la bega la binti yako!”

“Bega langu lilikuwa zima, mjomba, mpaka lilipokutana na bunduki yako!”

Kwa maneno hayo mazito ilizinduliwa rasmi, Alhamisi alasiri, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi wa Silaha Zilizokwishatumika, chini ya Chama cha Wawindaji cha Dolna Breza. Mimi, katibu wake, nina heshima ya kutangaza kwamba hakuna tume nyingine kama hii katika milima yote ya Rodopi.

Aliyeanza kupiga kelele ni Metodi Karastanev, mwenyekiti wa chama na mwenyekiti wa tume. Aliyemjibu ni Kalina, binti yangu, ambaye mwaka huu amefaulu mtihani wa uwindaji. Jumamosi atasimama kwenye mstari wa wawindaji kwa mara ya kwanza, nguruwe-mwitu wakifukuzwa kushuka bondeni. Bunduki inayochunguzwa, ya mitutu miwili, aliipata kwa mwenyekiti huyohuyo kwa kubadilishana na mizinga yake miwili ya nyuki. Wapo waliouliza iweje mtu achunguze bunduki aliyoitoa mwenyewe. Mwenyekiti alishalifafanua jambo hilo: nani anaijua kuliko yeye?

Mjumbe wa tatu ni Mzee Spas. Aliteuliwa kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ilikuwa ya masikio. Nilishika bunduki shingoni, ikiwa imefungwa, nikaitikisa. Ikalia kama droo ya vijiko.

“Inacheza,” nikasema. “Bawaba imelika.”

“Haichezi, dada Rumyana. Inapumua. Chuma nacho kinahitaji hewa.”

“Mlango wa banda langu nao ulikuwa unapumua hivyohivyo,” akasema Mzee Spas. “Juzi umemwangukia mbuzi.”

Tume ikapitisha neno “kupumua” na kumpa pole mbuzi.

Hatua ya pili ilihitaji vifaa, yaani penseli mbili. Kalina aliikunja bunduki, akatuonyesha sote kwamba haina risasi, akaifunga tena. Akaisimamisha kitako chini, akadondosha penseli katika kila mtutu. Pini ya ndani ikigonga sawasawa, penseli huruka juu. Haihitaji shahada.

Akavuta kifyatulio cha mbele, ambacho ni cha mtutu wa kulia. Kimya. Tukasubiri. Tume yoyote inayojiheshimu inajua kusubiri.

Akavuta cha nyuma, ambacho ni cha mtutu wa kushoto peke yake. Penseli zote mbili zikaruka kwa pamoja. Moja ikapiga taa, nyingine ikachomeka kwenye banitsa ya mwenyekiti, mkate wa jibini aliokuwa bado hajauonja.

“Mnaona?” akasema mwenyekiti, akiichomoa na kuilamba jibini. “Vifyatulio viwili, penseli mbili. Kwa wastani, kila kimoja kimepiga mara moja.”

“Mjomba, nguruwe akinijia nikavuta cha mbele, nifanye nini?”

“Unavuta cha nyuma.”

“Halafu zitoke zote mbili kwa mpigo?”

“Huo ni ukarimu, mwanangu. Umeomba moja, umepewa mbili. Siku hizi nani anakupa nyongeza?”

Hapa niweke ukatibu pembeni kidogo. Nimezaa mtoto mmoja tu, na nguruwe wa bonde letu ana uzito wa jokofu, tena jokofu lenye meno na haraka. Sikumsomesha Kalina ili aende kulikabili kwa kutegemea wastani.

Nikaomba kura ipigwe.

Kwetu anayekubali hutikisa kichwa huku na huku, na anayekataa hukiinamisha. Lakini mwenyekiti, aliyewahi kuendesha lori Austria, alipitisha azimio kwamba vikao vyetu vitumie vichwa vya kimataifa, ambako kuinamisha ni kukubali. Basi alipouliza kama bunduki ni nzima, yeye aliinamisha, kimataifa. Mimi niliinamisha, kikwetu. Mzee Spas aliinamisha pia, na alipoulizwa ni kwa utaratibu upi, akasema alikuwa anasinzia, ila akiwa macho angeinamisha kikwetu.

Matokeo: waliokubali watatu, waliokataa wawili kati ya haohao.

“Tatu imezidi mbili,” mwenyekiti akatangaza. “Silaha imekidhi viwango. Hongera, Kalina.”

Kalina alinitazama. Mimi nikampigia mwenyekiti makofi.

“Basi tuizindue,” nikasema.

Hakuna kitu kijijini ambacho Metodi hakukizindua. Alizindua benchi la kituo cha basi, kisha akalizindua tena lilipopakwa rangi. Alisimama kabla sijamaliza sentensi. Tukatoka nyuma ya ukumbi, kwenye ukingo wa udongo tunaolengea shabaha, Kalina akamkabidhi bunduki na risasi mbili halisi. Majirani wawili watatu wakasogea uani kushuhudia.

Mwenyekiti akaziingiza. Akaweka kitako begani. Akakishusha.

“Kuna upepo.”

Moshi wa bomba la jirani ulikuwa umesimama wima kama askari wa gwaride.

Akakiweka tena begani. Kidole kikaelekea kifyatulio cha mbele, kikasita, kikaelekea cha nyuma, kikarudi nyumbani. 

“Heshima kwa wakubwa,” akasema. “Mzee Spas, karibu.”

“Mimi nina mke.”

“Ni risasi tu, Mzee!”

“Ni ukarimu, Metodi. Pokea.”

Majirani wakaanza kucheka. Nikamkumbusha mwenyekiti, kwa heshima zote, kwamba kwa wastani ni salama.

Hapo akapasuka.

“Mna wazimu nyie? Mnataka ning'oke bega? Hili dude ni bovu tangu enzi za marehemu baba! Mnadhani nililitoa kwa nini?”

Akaikunja bunduki, akatoa risasi taratibu, akazitia mfukoni kama mtu anayeficha pipi.

“Tume imepokea ushahidi wa mtaalamu,” nikasema. “Nani anakubali kwamba mizinga irudi?”

Mikono ikanyooshwa, ya majirani ikiwemo, ingawa hawana haki ya kura. Mzee Spas alinyoosha miwili.

“Sawa, sawa,” akasema mwenyekiti. “Kesho nitaleta gari.”

“Leo,” akasema Kalina. “Jua linazama, nyuki wote wameshaingia ndani. Hamisha kesho mchana uone.”

“Na Jumamosi utawinda kwa bunduki ipi?”

“Ya mama.”

Tukaenda kwake saa ileile. Kalina akaziba milango ya mizinga kwa matambara, akashika upande mmoja wa ule mzito, mwenyekiti akashika wa pili. Ndani nyuki walikuwa wanavuma kama mkutano mkuu. Lango la Metodi ni jembamba, watu wawili hawapiti sambamba, hivyo yeye akatangulia kinyumenyume, mzinga kifuani, akiomba kwa sauti ya chini kabisa tusimchekeshe.