Shemeji Mwembamba na Damu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Kolesteroli mbaya, ile LDL: 4.6, na haitakiwi kuzidi 3! Daktari kasema hunata kwenye kuta za mishipa polepole, mpaka damu ikose njia. Nikamwambia naelewa, mimi fundi wa lifti, kamba nayo hulika kimyakimya. Akafurahi. Akaniamuru nipande ngazi. Mimi! Na kazini wanataka barua yake ya afya, la sivyo ufundi mkuu unakwenda kwa Kidevu, mwenzangu wa zamu. Keshaanza kuniita mgonjwa wetu. Kipimo cha pili Alhamisi; namba ikiwa mbaya tena, barua sina.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kaficha siagi. Nesi kasema siku tatu za mboga hazibadilishi kitu, ni wiki kadhaa. Basi inatakiwa damu nyingine. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwembamba kama ufito, hukimbia kila asubuhi. Kakubali, mradi nimtengenezee cherehani. Mimi ni kichwa!

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji katolewa damu kwa jina langu. Hakuna aliyeuliza. Nimejipongeza kwa mayai manne ya kukaanga.

Ijumaa, 7 Machi
6.1! Daktari kapiga simu mwenyewe. Kauliza kama kwetu kuna aliyekufa ghafla angali kijana. Nikajibu hapana, kwa fahari. Kisha nikamkumbuka baba mkwe: alianguka akafa akiwa na miaka arobaini na mbili. Shemeji ana thelathini na tisa. Nikisema, cheo kwisha. Nisiposema...


Jumamosi, 8 Machi
Nimesema. Mke wangu kauliza, kwa upole wa kutisha, kama na kwa mke nitatafuta wa kushika nafasi yangu. Tukaenda watatu kwa daktari. Kasema wembamba si kinga, wengine hurithi kolesteroli. Shemeji kapimwa upya kwa jina lake, kaanza vidonge leo leo. Mimi nikaomba radhi, nikaaga cheo. Daktari akashangaa: barua haikudai namba nzuri, ilidai mgonjwa anayekubali matibabu. Ningeuliza Jumatatu, angeniandikia Jumatatu. Akaisaini!

Jumatatu, 10 Machi
Fundi mkuu! Kidevu kanipa mkono kama anayeshika kaa la moto. Nimepanda ngazi ghorofa mbili nzima. Nne zilizobaki nilikuwa nakagua lifti. Na shemeji yu hai kwa akili zangu, ingawa nyumbani hakuna anayesema hivyo.
Kipimo cha marudio ni baada ya miezi mitatu. Safari hii sirudii kosa la kuchukua mwembamba. Nimeshazungumza na binamu yangu. Kilo mia na kumi. Damu yake lazima itakuwa maji ya chemchemi.