Mti Ulio Nyuma ya Choo Changu

Jumatatu, 6 Agosti 1973. Tseikuru.

Barua imefika! Nimeisoma mara saba, mbili kati ya hizo nikiwa nimesimama. Bustani ya Mimea huko ng'ambo inanishukuru mimi, Kivuva, karani wa josho la mifugo, kwa mbegu za mgunga nilizotuma mwaka jana. Zimeota. Miche mitatu haifanani na mgunga wowote wanaoujua kutoka Kitui. Huenda ni mti mpya kabisa, na wao huupa mti mpya jina la aliyeugundua. Mti wa Kivuva. Tena kwa Kilatini!

Nina mabinti watano. Wajukuu wa kiume wanne, kila mmoja mvulana wa kwanza kwao, hivyo kila mmoja amechukua jina la babu wa upande wa baba. Jina langu husubiri mvulana wa pili, na wa pili haji. Wakishapata mmoja, mabinti zangu huzaa wasichana tu. Jirani yangu Mwalimu Jonah ana wajukuu watatu, akina Jonah wadogo, wote wana makamasi. Huwaita kwa sauti kubwa nikiwa karibu. Sasa na aite.

Kalunde, mke wangu, amenikumbusha kwamba Mumbua wetu wa Kathonzweni yuko karibu kujifungua, nimwandikie. Nimesema wiki ijayo. Wiki hii najifunza kutia sahihi kwa Kilatini.

Jumanne, 7 Agosti.

Kumbe barua ina ukurasa wa pili. Daktari wa mimea atafika Jumamosi kuuona mti wenyewe.

Hakuna mti. Nakiri hapa kwa sababu daftari hili hulala chini ya risiti za dawa ya kupe. Mwalimu Jonah pia hukusanya mbegu, ila kishamba: hupanda mtini, huchomwa na miiba, huandika kibandiko kwa kila mti. Mimi nilitumia akili. Mbuzi wa Aftin, mfanyabiashara wa mifugo, hulala katika zizi lililo karibu na josho kabla ya mnada. Njiani hula maganda ya mgunga. Asubuhi mbegu ziko chini, zimeshamenywa, zinaningoja mimi na ufagio. Nilizifagia, nikaziosha katika karai la Kalunde, nikajaza bahasha.

Fomu yao ilitaka urefu wa mti, rangi ya maua na mahali ulipo. Niliandika: kama kanisa, manjano, nyuma ya choo changu. Nyuma ya choo changu kuna ndoo iliyotoboka.

Jumatano, 8 Agosti.

Asiye na mti huupanda. Nimekata mgunga kule mtoni, nikauburuta kwa punda wa maji, nikausimamisha katika shimo nyuma ya choo. Una urefu wa kanisa ukilitazama kanisa kutoka mbali. Nimetoa miiba kumi na mmoja mwilini, mingine mahali pasipoandikika.

Mwalimu Jonah alipita akauliza ni nini. Nikamwambia nguzo ya ua. Akasema hajawahi kuona nguzo yenye majani. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 9 Agosti.

Maua. Mgunga wangu hauna hata moja. Lakini Kalunde anafumia akina mama wa kanisa vitambaa vya viti, kwa sufu ya manjano! Alipokwenda mazoezi ya kwaya nilichukua madonge mawili. Ua la mgunga ni kitufe cha nyuzi, na kitufe cha sufu ni nyuzi vilevile. Nimefunga maua sitini na manne. Nilirudi nyuma hatua ishirini nikautazama, na Mungu anisamehe, sikuona tofauti. Nimefurahi hadi nimeimba.

Ijumaa, 10 Agosti.

Kalunde anatafuta sufu yake. Ameshawahoji waimbaji wote wa sauti ya kwanza.

Saa tisa mbuzi wapya wa Aftin waliwasili kwa miguu kutoka ng'ambo ya Mto Tana, tisini, wana njaa. Agosti hii Tseikuru nzima kulikuwa na kitu kimoja cha kijani. Niliwakabili kwa kofia. Wamekula majani. Wamekula maua. Wamekula kofia. Imebaki nguzo, kama nilivyomwambia Mwalimu Jonah. Beberu mmoja aliondoka na uzi wa manjano ukining'inia mdomoni, akaenda moja kwa moja hadi miguuni pa Kalunde.

Jumamosi, 11 Agosti.

Daktari ni mama wa kizungu mfupi mwenye viatu vya polisi, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha D.O. wetu wa tarafa. Akauliza mti uko wapi. Nikamwonyesha nguzo. Akaitazama nguzo, akaitazama ndoo, akaokota kipande cha sufu. Nikaanza kumweleza habari za radi. Kalunde akanikatiza mbele ya watu wote: mbegu zilitoka zizini kwa Aftin, na karai lake halijaacha kunuka mpaka leo. Mwalimu Jonah akakohoa kama mtu anayecheka kanisani.

Daktari hakukasirika. Aliingia zizini kwa magoti! Akauliza mbuzi hutoka wapi. Aftin akasema huko ng'ambo ya Tana, mwendo wa siku nne. Shamso, mke wake, alikuwa amekuja na chai. Akachukua mbegu moja, akaigeuza kiganjani, akasema mti huu ni wa kwao alikozaliwa. Maua yake ni meupe. Walipokuwa watoto walitafuna utomvu wake. Daktari akakaa chini akaandika kurasa nne. Jumatatu yeye na Shamso wataenda kuutafuta, na mti utaitwa kwa jina la Shamso. Daktari alisema kwa upole kwamba jina ni la anayeujua mti.

Nilikunywa chai. Halafu nikalia kidogo, nikasingizia vumbi la mbuzi.

Jumatatu, 13 Agosti.

Dereva wa lori ameleta barua kutoka Kathonzweni. Mumbua amejifungua salama tangu Alhamisi, nikiwa nafunga sufu. Mvulana. Wa pili! Jina lake Kivuva. Ana masikio yangu kabisa, amesema mkunga. Kalunde alipiga vigelegele hadi barabarani, na kesi ya sufu ikafutwa. Nami nilicheza. Nilimwita mjukuu wangu mara tatu kwa sauti kubwa, uso nikiuelekeza kwa Mwalimu Jonah.

Tunasafiri kesho alfajiri kumwona. Yaani Kalunde anasafiri. Mimi nitafuata Alhamisi, kwa maana kesho Aftin anapokea ngamia watatu. Kosa langu sasa nalijua: mbuzi ni mfupi, hula miti ambayo kila mtu anaijua. Ngamia hula juu. Ufagio uko tayari, karai nimelificha. Fomu nimeshaijaza. Urefu: kama kanisa. Maua: meupe. Mahali: nyuma ya choo changu.