Benchi la Mafundi

Jumatatu, 7 Julai 2003
Rehani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na langu, anatangaza: "Duka la bati bila mafundi kibarazani ni harusi bila ngoma." Upuuzi. Harusi bila ngoma, watu husikilizana. Kibarazani kwangu mafundi wamejaza benchi tangu asubuhi. Hawanunui kitu. Wanacheza drafti na kumkagua kila mteja. Nimesoma vitabu vya kutosha: mteja anataka nafasi, kiti na heshima. Babati sasa ni makao makuu ya mkoa. Tuuze kimkoa.

Jumanne, 8 Julai
Benchi nimeliondoa. Rehani aliliomba, nikampa bure. Fundi Teodori aliniaga kama anayeaga mgonjwa. Nimeweka viti vya plastiki na chupa ya chai. Mke wangu, Mama Kornelia, ndiye mwenye fremu hii ya duka. Kasema wiki ikiisha bila mauzo ya maana, anampa mdogo wake Anjela aweke saluni. Nimemwambia ataniomba radhi.

Alhamisi, 10 Julai
Mzee Yoakimu wa Sigino kauza mahindi, anaezeka nyumba. Mteja mmoja wa namna hii anaokoa duka. Nikampa shikamoo, kiti, chai. Akaisifu chai. Akauliza paa lake la mgongo wa tembo litakula bati ngapi. Nikamjibu kwamba mteja wa kisasa hujiamulia. Akasema kununua bati bila fundi ni kununua ng'ombe gizani. Likivuja, mkewe amlaumu nani? Akamaliza chai, akashukuru, akavuka barabara. Teodori akampisha akae. Kwenye benchi langu.

Jumatano, 16 Julai
Wiki imeisha bila mauzo; bati zangu kazichukua Rehani. Anjela kaingia na vioo. Mama Kornelia bado hajaniomba radhi. Mimi nimebakizwa kupokea wateja.
Kosa la saluni nimeligundua mchana huuhuu. Anasukwa mmoja, benchi zima la wenzake linatoa maoni: Mama Zawadi, huo mtindo unakuzeesha, mwambie afumue. Anjela anadai bila wao hakuna anayekubali kusukwa. Hoja ileile ya Rehani, imevaa kanga.
Kesho naondoa benchi.
Nanyi akina mama wa Bagara na Singe, sikieni: anayesukwa aje peke yake. Wengine bakini nyumbani. Chai ipo.