Magadi kwa Miche ya Kahawa

Jumatatu, 5 Machi 1934. Marangu

Baba Mkubwa Elimringi katamka neno. Kihamba chake, lile shamba la chini, atampa mmoja wetu: mimi, au Ebenezeri, mtoto wa baba mdogo. Jumatatu ijayo anakuja kukagua vitalu vyetu vya kahawa. Mwenye miche iliyonona ndiye mwenye ardhi. Ebenezeri! Mtu anayepaka nywele mafuta ili akapalilie!

Bila kihamba, wazazi wa Eunike hawanipi binti yao. Wamelisema mbele ya watu.

Nimepata wazo. Ng'ombe wa Mama alikonda, akachanganyiwa magadi kwenye migomba ya kulisha, sasa anapita mlangoni kwa shida. Kahawa nayo si kiumbe? Nimeimwagia debe zima la maji ya magadi, mazito kama uji.

Jumatano, 7 Machi

Majani yamelala. Mama kauliza ni nani aliyeniambia mche una tumbo. Nimemwomba asinivunje moyo. Mgonjwa haponi kwa dawa ya siku moja. Nimeongeza debe.

Ijumaa, 9 Machi

Ole wangu! Udongo umelowa chapachapa na miche imekauka kwa kiu.

Ebenezeri kaja kuangalia. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe, yeye kanieleza! Eti mzizi umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, na kila chembe imefungwa kwa utando mwembamba. Maji huupenya utando huo kwa urahisi, magadi hayapiti ovyo. Basi kitu chochote kikiyeyuka kwa wingi nje kuliko ndani, maji ya ndani hutoka kukifuata. Nimemwuliza kwa nini mche haufungi mlango. Kasema kwa maji hauna mlango wa kufunga. Yaani siku zote hizi namwagilia na huku nakamua.

Kanishauri nifungulie mfereji, maji mengi yasukume magadi chini. Zamu yangu ya mfereji ni wiki ijayo. Kasema nichukue yake ya kesho. Sadaka ya Ebenezeri? Bora nife!

Jumapili, 11 Machi

Nimejifanya naumwa tumbo, sikwenda kanisani. Wenzangu wako kwenye nyimbo, mimi niko kwa Ebenezeri na debe la magadi. Elimu yake imrudie mwenyewe. Debe limetosha safu mbili za ukingoni tu, lakini ndizo zilizonona kuliko zote. Nimerudi nikipiga mluzi, hadi Mama kauliza huo ni ugonjwa gani.

Jumatatu, 12 Machi

Siku mbaya kuliko zote nilizoishi.

Nimempa Baba Mkubwa shikamoo, akaitikia akiangalia kitalu changu. Tukaenda kwa Ebenezeri. Miche mibichi, inang'aa, isipokuwa zile safu mbili, zimelala chali. Ebenezeri kashika kichwa. Safu hizo hazikuwa zake! Alinitengea mimi tangu Ijumaa, kwa huruma, ili amwombe Baba Mkubwa anigawie nusu ya kihamba.

Nusu! Nimeiua miche yangu mara mbili, na ya pili kwa mkono uliojua unachofanya.

Baba Mkubwa kainama, kaokota udongo wenye weupe wa magadi, kaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha kaniuliza kwa upole tumbo langu linaendeleaje. Kihamba chote ni cha Ebenezeri. Eunike kapita njiani na mzigo wa majani, hakugeuka. Nimelia nyuma ya zizi, ng'ombe akinitazama.

Jumanne, 13 Machi

Mche mmoja bado una jani la kijani! Mmoja!

Nimekimbia dukani, nimenunua sukari guru. Najua, Ebenezeri alisema kitu chochote. Lakini alikuwa akizungumzia vitu vikali. Utamu haujawahi kumkausha mtu. Nimeyeyusha donge zima na kuumwagia mche wote mpaka chini. Kesho utasimama wima, nami nitamwita Eunike aje aone.