Mwandishi Juu ya Meza ya Mwalimu

Jamani, leo nimepatikana. Na walionipata si polisi. Ni watoto wa darasa la pili, wengine hawana hata meno ya mbele.

Naanza mwanzo ili mnielewe. Mkitaka kucheka, chekeeni huko huko mliko.

Mnajua nina kitabu. (Mnajua sana. Nimewatumia picha ya jalada mpaka wengine mmeninyamazisha kwenye simu zenu.) Ni kitabu cha watoto, cha Kiswahili, kuhusu baba mwenye busara anayemkalisha mwanawe na kumpa nasaha. Anampa mwanzo mpaka mwisho. Michoro yote ni baba yule yule, kwenye kiti kile kile, amenyanyua kidole. Nilikichapisha mwenyewe, na maboksi yapo chini ya kitanda. Kila asubuhi mke wangu, Mama Zuhura, anajigonga nayo mguu na kuyatukana kwa Kitanga safi.

Sasa Mwalimu Nomsa, anayefundisha shule ya binti yangu pale Alexandra, huku kwetu Joburg, aliniita nije niwasomee watoto kwenye wiki yao ya lugha za Afrika. Akaniahidi kwamba watoto wakikipenda kitabu, kitaingia maktaba ya shule. Maktaba! Hakuna maktaba hata moja duniani yenye kitabu changu. Nilikitaka kitu hicho kuliko ninavyotaka kupandishwa cheo kazini.

Nikaomba ruhusa ghalani Midrand, ninakopakia mizigo. Nikamwambia msimamizi nina majukumu ya kifasihi. Akaniuliza kama yanaambukiza.

Nikavaa kanzu nyeupe, koti juu, kofia iliyodariziwa, na kalamu tatu mfukoni. (Mwandishi mwenye kalamu moja ni karani.)

Nikafika. Watoto wamekaa kwenye zulia, wananitazama kama daktari wa chanjo. Mwalimu Nomsa akanieleza kwa Kiingereza kwamba hawa wadogo wanasoma kwa Kizulu, Kiingereza bado kinawapiga chenga. Kwa hiyo nitasoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, halafu Zuhura wangu, aliyetolewa darasa la nne kwa kazi hiyo, atawaeleza kwa Kizulu.

"Samahani kama hutafuata atakachokuwa anasema," akaniambia.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema asante. Lakini mimi? Mimi nimekaa Joburg miaka kumi na moja! Nanunua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani, kwa Kizulu. Nasalimia kwa Kizulu. Naguna kwa Kizulu. Nikubali mbele ya mwanangu kwamba sijui?

"Hakuna tabu, mwalimu. Kizulu nakielewa barabara."

Zuhura akanitazama. Yale macho ni ya mama yake.

Nikaongeza, kwa sauti ya redioni: "Na mjue, baba wa humu kitabuni ni mimi mwenyewe. Yote ni ya kweli."

Ukurasa wa kwanza, nasaha kuhusu heshima. Zuhura akatafsiri. Kimya. Nikasema moyoni, wameguswa. Ukurasa wa pili, nasaha kuhusu usafi. Mtoto mmoja akajilaza kwenye zulia. Ukurasa wa tatu, nasaha kuhusu subira, na mwingine akaanza kumfungua jirani yake kamba za viatu. Mwalimu Nomsa akatazama saa ya ukutani. Maktaba nikaiona inaondoka.

Ukurasa wa nne unaonya kuhusu shetani. Nikausoma kwa nguvu zangu zote, nikamaliza, nikafuta jasho.

Zuhura akasogea mbele. Sauti yake ikabadilika. Nikasikia neno "ubaba", yaani baba, hilo nalijua, nikajua tuko pamoja. Akavua sweta yake, akaifunga kiunoni. Akachuchumaa. Akaweka vidole viwili juu ya paji la uso na kuvichezesha. Pembe za shetani! Mtoto ana kipaji, huyu ni damu yangu.

Darasa likaamka.

"Haibo!" akapiga kelele mmoja. Yule aliyelala akakaa. Nikasoma ukurasa wa tano, nasaha kuhusu bidii, Zuhura akaeleza huku akirukaruka, na watoto wakaangukiana kwa kicheko. Nikajiuliza, hivi bidii inachekesha kiasi hiki kwa Kizulu? Lakini sikuuliza sana. Nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba ya kupokea tuzo. Niliwaonea huruma waandishi wengine wote.

Kila Zuhura alipovuta pumzi, mimi nilitikisa kichwa kukubali na kusema "Yebo!", yaani ndiyo.

Mwalimu Nomsa akafuta machozi. "Kweli haya yalikutokea wewe?"

"Kila neno! Na si mara moja. Ndivyo ninavyoishi nyumbani kwangu. Wababa wote wangekuwa kama mimi, jamii ingekuwa mbali."

Akaegemea ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. (Hisia, nikasema.)

Kasichana kamoja ka mbele kakanyoosha mkono, kakaniuliza kitu kirefu kwa Kizulu huku kakionyesha meza ya mwalimu.

"Baba, usi..." akaanza Zuhura.

"Yebo!" nikajibu.

"Una uhakika?" akauliza Mwalimu Nomsa.

"Kabisa!"

Akaondoa madaftari mezani. Nikaelewa mara moja: wanataka kumwona mwandishi vizuri. Nikapanda. Nikasimama juu ya meza ya mwalimu, kanzu yangu nyeupe, kidole juu kama kitabuni.

Halafu kitu cha kahawia kikaja kikibiringika mezani, moja kwa moja kwenye mguu wangu.

Nyie mlioko mbali hamuijui hali yetu. Hapa Joburg kuna mdudu anaitwa paktaun prawn. Ni nyenje mwekundu wa kikahawia, mnene kuliko kidole gumba, ana ndevu ndefu na miguu ya miiba. Ukimfukuza anakurukia wewe, na akikasirika anakunyea uchafu mweusi. Mimi nabeba mizigo mizito kutwa nzima. Yule mdudu simuwezi. Mwezi uliopita aliingia bafuni nikiwa naoga, na kilichofuata kilikuwa siri ya familia.

Nilipiga ukelele. Sio wa mwanaume. Nikapandisha kanzu mpaka magotini, nikacheza juu ya ile meza, nikaita kwa sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Mama Zuhura! Mama Zuhura!"

Na darasa zima, kwa pamoja, likaitikia:

"MAMA ZUHURA! MAMA ZUHURA!"

Walikuwa wanaijua sehemu hiyo! Walikuwa wameshafundishwa!

Nikatazama chini. Kilikuwa kipande cha karatasi ya kahawia kilichofinyangwa na watoto. Nikamtazama Zuhura. Sweta kiunoni: taulo. Vidole kwenye paji: ndevu za mdudu. Swali la kasichana: niwaonyeshe nilivyofanya siku ile. Ubaba: mimi. Na mimi mwenyewe nimethibitisha, kwa Kiingereza fasaha, mbele ya mwalimu, kwamba ndivyo ninavyoishi.

Nikashuka mezani kinyumenyume, kama mtoto anayeshuka kitandani.

"Zuhura, umewaambia nini?"

"Baba, mmoja alikuwa analala. Wawili, actually. So nikawapa ile ya prawn, ile Mama alikuja na slippers."

"Na nasaha zangu?"

"Nili-skip."

Nilitaka kumkasirikia, wallahi. Lakini watoto walikuwa wamemzunguka, wanamvuta mikono arudie, na nikaona wivu. Nasema wazi, wivu. Wa mtoto wangu mwenyewe.

Mwalimu Nomsa akakichukua kitabu changu, akakifungua, akaanza kutafuta. Baba, kiti, kidole. Akafunua. Baba, kiti, kidole.

"Ile ya bafuni iko ukurasa gani?"

Nikazipanga upya kalamu zangu tatu. Akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akasema maktaba ina nafasi kabisa, siku hadithi ile ya bafuni itakapoandikwa.

Ijumaa wanamtaka mwandishi arudi, darasa la tatu nao wamsikie. Mwandishi ana miaka tisa. Mimi nimeombwa nije na taulo.