Kuitwa Kwenye Meza ya Jikoni

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekula! Siyo kule kujaza tumbo, nasema nimekula. Tulikuwa watatu: mimi, Fundi Saa na Dada Famasia, kwenye ule mgahawa mdogo wa Kiitaliano nyuma ya shule ya udereva ninakofundisha. Ndani ni kama sebule ya mtu. Viti havifanani, kila kimoja na kwao. Changu kilikuwa na mto ulioshonwa kwa pazia kuukuu. Joto la tanuri linakujia taratibu, harufu ya kitunguu saumu inakukaribisha kabla mwenyeji hajafungua mdomo. Tambi zikaja zinafuka moshi, mchuzi wa nyanya mzito, jibini inayeyuka juu. Nikanyamaza. Dada Famasia, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema hajawahi kuniona kimya tangu tujuane.

Mpishi ndiye mwenye mahali. Mama mtu mzima wa Kiitaliano, ameishi hapa mpaka Kiswahili chake kinatushinda sisi wenyewe. Wateja wote humwita Mama Jiko. Anatoka akijifuta mikono, anazunguka mezani, nyuso za watu haziangalii kabisa. Anaangalia sahani.

Halafu Dada Famasia akaniharibia usingizi. Akasema kule jikoni kuna meza moja ya Mama Jiko na watu wake wa kazi. Jumapili mchana mgahawa ukifungwa, wanakula hapo wenyewe kwa wenyewe, vyakula ambavyo mteja havioni. Mara mojamoja anaalikwa mgeni. Huombi, hulipi, unaitwa tu. Meneja wa benki amejikomba mwaka mzima na hajaitwa.

Mimi nitaitwa. Tena Jumapili hii hii!

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya kwanza: sifa. Mpishi gani hapendi sifa? Nikawaburuta wenzangu tena. Zikaletwa zile tambi za vipande zilizojazwa mchicha na jibini, laini, siagi inang'aa juu. Mlango wa jikoni ulipofunguka nikaanza. Nikafumba macho. Nikashika kifua. Nikaguna kwa raha, kwa sauti, ili jikoni wasikie.

Mhudumu akadhani nimepaliwa. Kijana ana mikono ya mbeba mizigo! Alinikumbatia kwa nyuma, akanibana mbavu mara moja tu, kipande kikaruka kikatua kwenye glasi ya Fundi Saa. Mgahawa mzima ukapiga makofi. Mhudumu ndiye aliyepigiwa, siyo mimi.

Mama Jiko akatoka mbio. Akaniuliza kama napumua. Kisha jicho lake likaangukia sahani ya Fundi Saa. Huyu rafiki yangu ni mtu wa maneno machache, na wakati wa vurugu zote alikuwa anafuta mchuzi kwa kipande cha mkate, polepole, mpaka sahani ikawa nyeupe. Mama Jiko akaitazama ile sahani kama mtu anayesoma barua njema. Akamwambia Jumapili mchana apite mlango wa nyuma.

Fundi Saa! Ambaye hata hakujua kuna meza! Wivu umenijaa. Nimempongeza shingo upande.

Ijumaa, 7 Machi

Mwanafunzi wangu amegonga pipa la taka mbele ya soko. Sikumkemea, nilikuwa nawaza. Na nimeipata. Mkate! Siri yote ni mkate.

Jumamosi, 8 Machi

Uso nitauweka wapi?

Nilifuta sahani yangu kwa mkate ikang'aa. Mama Jiko hajatoka. Nikafuta ya Fundi Saa. Bado. Nikafuta ya Dada Famasia, naye akapiga kelele kwamba hajamaliza na kwamba mimi ni mwehu. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, na kwenye meza ya jirani kulikuwa na sahani yenye mchuzi mwingi kabisa, mwekundu, mtamu kwa macho. Mkono ukaenda wenyewe. Mwenye sahani, jitu la miraba minne, akaushika katikati ya safari. Akaniuliza kwa upole kama tunafahamiana.

Mama Jiko aliona kila kitu. Akaniletea kikapu kizima cha mkate, akaniambia Mwalimu, kama njaa ni kali kiasi hicho, sema tu. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mkate, lakini, ulikuwa wa moto, maganda yanavunjika kwa mlio. Nilikula wote kwa aibu.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi niliamua kuumwa. Nikajifunika shuka gubigubi. Mchana mlango ukagongwa: yule mhudumu wa mikono mizito, katumwa kunichukua.

Kumbe Fundi Saa alifika jikoni, akavutiwa kiti, na hakukaa. Alimwambia Mama Jiko kwamba tangu mkewe afariki anakula akiwa kasimama, mkate mkavu kwenye meza ya kazi, katikati ya saa za watu. Kwamba mimi ndiye humtoa dukani kwa kumburuta mkono na kumkalisha mbele ya chakula. Kwamba bila mimi hata mgahawa huu asingeujua. Kwa hiyo hawezi kula hapo peke yake. Maneno mengi kuliko aliyoniambia mimi mwaka mzima.

Nilikuta sahani yangu imewekwa. Na chakula! Tambi zilizobaki jana, zikachanganywa na mayai, zikakaangwa mpaka zikashikana kama keki, ukoko wa dhahabu nje, laini ndani. Hakuna kitu hicho kwenye orodha ya wateja. Mama Jiko alikata kwa kisu kikubwa, akagawa kwa mkono wake, akamuuliza kila mtu ameamkaje. Fundi Saa alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Leo nampenda kila mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeutafakari urafiki siku nzima, mwanafunzi akapita taa nyekundu sikuona. Moyo ule wa Fundi Saa! Utu ule! Mtu anakataa kukaa mpaka rafiki yake aletwe!

Nikaendelea kutafakari. Yeye alikaa upande wa kikaango. Anayekaa hapo hupewa kipande cha pembeni, chenye ukoko mwingi. Changu kilikuwa cha katikati.

Nimepita jikoni jioni hii kumweleza Mama Jiko kwamba mvuke wa mafuta huharibu macho ya mafundi saa. Kesho namwambia Fundi Saa mwenyewe tubadilishane viti tukiitwa tena. Hatakataa. Rafiki kama yule hanyimi mtu kitu.