Udongo Wangu Uko kwa Ebenezeri

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua siku ya tatu. Nimezunguka kihamba chote, shamba letu la urithi, na mwavuli wa mke wangu, Magreth. Migomba imekonda, mikungu inatia huruma. Nikachungulia chini ya mpaka, kwa Ebenezeri. Mikungu imenona mpaka migomba imeegemezewa miti isianguke!

Send-off ya binti yetu Priska ni tarehe 26. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya siku hiyo lazima itoke kwenye kihamba cha baba wa binti. Magreth anasema tununue ndizi kwa Ebenezeri, ndizi ni ndizi. Ninunue! Yule mzee wa kanisa anihesabie mikungu mbele ya wakwe! Bora nife.

Saa nne akaja mgeni, Daktari Maulida, mzaliwa wa Majengo, mjini. Magreth akamwonyesha goti lake. Kumbe si daktari wa watu, ni wa miamba. Anachunguza mlima unavyomomonyoka na udongo unakokwenda. Amepigilia nondo fupi kumi na mbili shambani kwangu, kila moja ina alama nyekundu pale inapokutana na ardhi. Udongo ukiondoka, alama inabaki juu, naye anapima. Mpakani ameweka bati la kukinga matope yanayoshuka.

Nikauliza yanashukia wapi. Akasema mengine yanabaki kwa jirani wa chini, mengine yanabebwa na mto. Jirani wa chini! Kwa hiyo Ebenezeri ananenepesha ndizi kwa udongo wangu miaka yote hii, na Jumapili anapitisha kapu la sadaka! Nimeomba karatasi yenye mhuri inayosema hivyo. Daktari amesema kazi yake ni kupima, si kuhukumu. Sijaona tofauti.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ilikata jana, daktari alipomaliza tu kupigilia. Nimewaza sana. Hasara ndogo haipati mhuri, hasara kubwa inapata. Nimevuta nondo zote juu, shubiri moja moja. Mgongo unauma. Magreth akauliza nainamia nini tangu asubuhi. Nikasema magugu. Amefurahi, akanipa maziwa mtindi. Nimeona aibu kidogo, lakini nimeyanywa.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari amekuja. Kapima. Kapima tena. Kaketi juu ya jiwe.

Amesema kwa mujibu wa nondo, shamba langu limepoteza kwa siku tatu udongo wa miaka mia. Nikashika kifua. Lakini bati, akasema, ni kavu, na mvua haijanyesha tangu alipoliweka. Ndani ya bati kuna chura tu. Udongo umeondoka na haujafika popote! Akaniuliza mimi nadhani umekwenda wapi. Nikasema Mlima una mambo yake. Akautazama Mlima. Nami nikautazama. Ulikuwa umefunikwa na mawingu, hatukuona kitu. Tumeagana kila mtu amechanganyikiwa kwa namna yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepata jibu. Bati linahitaji udongo! Nitie wangu? Sithubutu, nimeshapoteza wa miaka mia. Nikangoja Ebenezeri aende mazoezi ya kwaya, nikashuka kwake na ndoo. Udongo wake mweusi, laini, unanukia samadi. Nusura nilie. Huu ndio ulikuwa wangu.

Ndoo mbili zimekwenda salama. Ya tatu, nainua kichwa, Ebenezeri huyo hapo, kitabu cha nyimbo kwapani. Kumbe mwalimu wa kwaya anaumwa koo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza tu, kwa upole, nafanya nini. Nikasema nachukua changu. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Aende! Mwizi wa udongo anakwenda kushtaki!

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada tumekutana uani kwa mwenyekiti, Eliamini. Watu wengi kuliko kesi inavyostahili, na matawi bado mkononi. Hata dada yangu Monica ameteremka, yeye kihamba chake kiko juu ya changu. Nikamwamkia shikamoo. Nikadhani amekuja kuniunga mkono.

Nimesema vizuri mno. Nimesema mali haibadilishi mwenyewe kwa sababu imeteleza. Ng'ombe wangu akiingia kwako bado ni wangu. Udongo je? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Eliamini akamuuliza Daktari Maulida kama kweli udongo wangu uko kwa Ebenezeri. Akasema ndiyo, sehemu yake. Nilisimama nikapunga tawi!

Ndipo Monica akanyoosha mkono. Akauliza, na udongo wa Eliudi, yaani mimi, umetoka wapi? Daktari akasema umetoka juu. Juu kwa nani? Kwa mama huyu, Monica. Dada yangu akaketi.

Eliamini akaamua nipewe ndoo zangu tatu kutoka kwa Ebenezeri, na Monica achukue kwangu kiasi atakachoona kinamfaa, kwa kufuata maneno yangu mwenyewe. Daktari akaongeza kwamba sehemu kubwa haikai hata kwa Ebenezeri, inabebwa na mito hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu mmoja nyuma akaniambia nikawadai perege, samaki wa huko. Watu wamecheka mpaka matawi yamewaanguka.

Sielewi. Nilishinda, au sikushinda?

Jumatatu, 14 Aprili

Nilishindwa. Monica amefika saa moja na jembe, ndoo mbili na toroli. Dada mkubwa humfukuzi. Amechagua chini ya mgomba mmoja tu wenye mkungu wa maana, niliokuwa nautegemea kwa mbege. Amechimba mpaka mgomba umelala, na mkungu haujakomaa. Magreth akampikia mtori! Wakala pamoja wakinitazama dirishani.

Daktari naye amekuja. Akagusa nondo moja, ikamfuata mkononi. Ya pili hivyo hivyo. Akanigeukia, akasema udongo unaondoka, mzee wangu, lakini nondo haioti. Amezing'oa zote kumi na mbili. Amekwenda kuzipigilia kwa Ebenezeri, kuanzia mpakani kushuka. Sasa hata nondo zimehamia kwake.

Priska amepiga simu kuuliza mbege imefikia wapi. Nikamwambia inaendelea. Nimekaa zizini peke yangu, na ng'ombe. Nina huzuni kweli.

Jumatano, 16 Aprili

Magreth amesema nisile kwake mpaka nipeleke isale kwa Ebenezeri. Kwetu anayekuletea isale kuomba radhi humkatalii. Watu hupeleka jani moja lililofungwa fundo. Mimi nimeng'oa mche mzima nyuma ya zizi, pamoja na mizizi, ili msamaha uwe mkubwa zaidi.

Ebenezeri amelipokea kwa mikono miwili. Macho yalimlowa. Akasema yamekwisha, Baba Priska, na kwamba binti yangu ni binti yake. Amenipa mikungu sita ya kupikia mbege! Bure, na ameibeba mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Nimelia. Naandika hapa mbele ya Mungu: nilimdhulumu mtu mwema, na nimebadilika.

Akasema pia mvua imebeba masale ya zamani yaliyokuwa alama ya mpaka wetu, basi hili la amani tulipande hapo. Yeye ana maandalizi ya Ijumaa Kuu. Nichague mahali mwenyewe, ananiamini.

Alhamisi, 17 Aprili

Mbege inaendelea vizuri. Magreth ameniwekea nyama.

Isale nimelipanda asubuhi, kwa moyo mweupe. Nilitafuta mahali penye udongo mzuri, lisije likafa, maana isale la amani likifa ni mkosi. Udongo mzuri ulikuwa hatua nne chini ya pale palipokuwa na masale ya zamani. Kosa si langu. Na isale la mpaka likishapandwa halihamishwi, mzee wa kanisa analijua hilo kuliko mimi.

Nondo tatu za daktari sasa ziko upande wangu. Sijazigusa. Kwanza Pasaka ipite.